Maporomoko Yaliyopewa Jina la Mtoto

Je, mama, ulimpaje mtoto wako jina? Wengi wetu tumewaita watoto majina ya bibi zao, au jina la msimu waliozaliwa, au la tukio lililotokea siku ile. Lakini mwaka 1928 baba mmoja Mmarekani, Fenley Hunter, alifanya kinyume. Alichukua jina la binti yake, Virginia, akayaita kwa jina hilo maporomoko ya maji aliyoyakuta porini, kaskazini kabisa mwa Kanada. Hadi leo ramani huyaita Virginia Falls.

Hebu tusafiri pamoja, ndugu msomaji, tukayaone maporomoko hayo. Ni safari ndefu, nayo ina mafunzo kwa sisi tunaolea watoto.

Hakuna barabara

Safari huanzia Fort Simpson, mji mdogo uliojengwa penye makutano ya mito miwili, Liard na Mackenzie. Wenyeji wa huko ni Wadene, watu ambao wazee wao wamewinda na kuvua katika nchi hiyo tangu kale. Kutoka hapo hakuna barabara ya kukufikisha kwenye maporomoko. Unapanda ndege ndogo yenye maboya badala ya magurudumu, nayo hutua juu ya maji ya mto Nahanni Kusini.

Kwa zaidi ya saa moja utatazama chini bila kuona shamba wala nyumba. Ni msitu tu, vinamasi, na milima. Huo ni sehemu ya msitu mkubwa wa kaskazini, unaoizunguka dunia kupitia Alaska, Kanada, Skandinavia na Urusi. Miti yake mingi ni ya jamii ya msonobari, yenye majani membamba kama sindano. Matawi yake huinama ili theluji iteleze ianguke, yasivunjike kwa uzito. Miti hukua polepole sana kwa sababu kiangazi ni kifupi. Mahali pengi udongo wa chini umeganda mwaka mzima, na mizizi haiwezi kwenda chini, ndiyo maana utaona miti imeegemea huku na huku kama watu waliochoka.

Wageni huenda kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba. Mwezi Juni usiku hauna giza kamili, hata saa sita unaweza kuona njia. Usidhani baridi inawazuia mbu; wako wengi ajabu! Dubu na mbwa mwitu wapo pia, kwa hiyo chakula hakiachwi ovyo wala hakilaliwi nacho hemani.

Sauti kabla ya kuona

Kutoka mahali ndege inapotua, unafuata njia ya miguu ndani ya msitu. Sehemu nyingine zimetandikwa mbao ili miguu ya wageni isiharibu ardhi ile laini. Kwanza unasikia mngurumo. Kisha ardhi inatetema kidogo chini ya viatu. Halafu miti inafunguka, na mto mzima unaanguka mbele yako.

Maji hayo huporomoka kiasi cha mita 90, karibu mara mbili ya kimo cha maporomoko maarufu ya Niagara. Katikati umesimama mwamba mkubwa kama mnara, unaoyagawa maji pande mbili. Mwamba huo unaitwa kwa jina la Bill Mason, mpiga kasia, mchoraji na mtengenezaji wa filamu wa Kanada aliyefariki mwaka 1988. Chini, mto unaingia katika korongo refu. Wataalamu wa miamba wanasema mto huu ni mzee kuliko milima inayouzunguka: milima ilipokuwa ikiinuka taratibu, mto uliendelea kukata njia yake ileile.

Aliyetafuta dhahabu

Mto huu umewapoteza wengi. Juu ya maporomoko maji hutiririka kwa utulivu, kisha ghafla huwa makali. Wasafiri wa mitumbwi hutoka majini mapema, wakabeba mizigo na mitumbwi yao mabegani hadi chini ya maporomoko. Hapo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Mtu mmoja, Albert Faille, alianza kuupanda mto huu mwaka 1927 akitafuta dhahabu iliyosemwa kuwa imefichika huko. Mwaka baada ya mwaka alirudi. Filamu ya mwaka 1962 inamwonyesha, akiwa mzee tayari, akibeba mbao mgongoni kuyapita maporomoko ili aunde mashua nyingine huko juu. Alifariki mwishoni mwa mwaka 1973 bila kuipata dhahabu ile.

Tusimcheke. Ni mara ngapi sisi nasi tumepita mbele ya jambo kubwa tukiwa tumeinamisha kichwa chini ya mzigo wa kutafuta kingine?

Hazina iliyonusurika

Wengine waliyatazama maporomoko haya wakaona umeme. Kulikuwa na fikira ya kujenga bwawa, na kama lingejengwa, mngurumo ule ungenyamazishwa. Mwaka 1970 Waziri Mkuu wa Kanada, Pierre Trudeau, alifika mwenyewe akasafiri mtoni. Mwaka 1972 eneo hilo likatengwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1978 liliwekwa katika orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia, orodha ileile iliyokuwa na makanisa ya Lalibela, Ethiopia, yaliyochongwa katika mwamba.

Lakini hifadhi hiyo ilikuwa ukanda mwembamba tu kando ya mto, na maji hutoka mbali. Wadene walidai kwa miaka mingi kwamba nchi yote inayoulisha mto ilindwe. Mwaka 2009 hifadhi ilipanuliwa ikawa kiasi cha kilomita za mraba 30,000, karibu mara sita ya ilivyokuwa. Leo Wadene wanashiriki kuitunza pamoja na serikali.

Nao walikuwa na jina lao tangu zamani. Huyaita maporomoko haya Náįlįcho, maana yake maji makubwa yanayoanguka. Bwana Hunter alimpenda binti yake, na hilo ni jema. Ila mahali pale hapakuwa bila jina wala bila wenyewe. Tukiwafundisha watoto wetu kupenda nchi za mbali, tuwafundishe pia kuuliza kwanza: wenyeji wanapaitaje?

Ahadi ya Fort Simpson

Watu wa Fort Simpson wana habari nyingine wanayoikumbuka. Mwezi Septemba 1984 walikusanyika kwa wingi kumngoja Papa Yohane Paulo wa Pili. Ukungu ukafunika, ndege yake ikashindwa kutua. Aliwapelekea maneno kwa redio kutoka mji wa Yellowknife, akaahidi kurudi. Wangapi huahidi hivyo wakasahau? Lakini tarehe 20 Septemba 1987 alirudi, akasali nao penye makutano ya mito.

Mama msomaji, huenda wewe nami hatutafika Náįlįcho. Nauli ni kubwa na njia ni ndefu. Lakini kila mmoja wetu ana kijito, chemchemi au kichaka karibu na nyumbani ambacho mtu fulani anakitazama kwa jicho la faida tu. Jumapili moja, baada ya ibada, wachukue watoto mwende mkapaone. Waambie panaitwaje na ni nani waliopaita hivyo. Mtoto hulinda kile anachokijua kwa jina.