Akiba ya Majira ya Baridi

Kila mwaka, majani yanapoanza kupukutika Kanada, Marekani na Ulaya, walimu na wazazi wa watoto wadogo huulizana swali lilelile: dubu hulala miezi mingapi? Kila mwaka swali hujibiwa kwa idadi ya miezi, ilhali lilipaswa kusahihishwa kwanza. Mtoto hubaki na picha moja: baridi ikiingia wanyama hulala, jua likirudi huamka. Picha hiyo ni potofu karibu kila upande, na ni vigumu kuifuta ikishakaa kichwani.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba baridi ndiyo adui mkuu. Manyoya mazito na tabaka la mafuta huizuia vizuri. Tatizo ni njaa: wadudu hutoweka, mimea hunyauka, maziwa huganda, na wakati huohuo mwili unataka chakula kingi zaidi ili ubaki na joto. Dubu dume wa ncha ya kaskazini hajifungii pangoni, kwa sababu barafu ya bahari ndiyo mahali pake pa kuwinda sili. Anayejichimbia shimo thelujini ni jike mwenye mimba. Huko Madagaska, kusiko na theluji, kuna lemuri mdogo anayeweka mafuta mkiani na kuzizima ndani ya mashimo ya miti hadi miezi 7, hata joto la mchana linapopita nyuzi 30. Kinachomfungia humo ni uhaba wa chakula na maji wakati wa kiangazi. Kamongo wa Ziwa Victoria naye, kinamasi kikikauka, hujifukia topeni, hujizungushia utando wa ute wake na kuvuta hewa mpaka mvua zirudi.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: kuiita hali hiyo ya kuzizima, yaani mwili kupoa na kupunguza kazi zake, usingizi. Kindi wa ardhini wa Alaska huzizima kwa miezi 7 au 8 chini ya udongo ulioganda, na joto la mwili wake limepimwa likishuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri. Moyo hupiga mara chache tu kwa dakika, na ubongo karibu unyamaze kabisa. Kila baada ya wiki 2 au 3 huanza kutetemeka, huchoma mafuta yake, na kwa saa chache hupanda tena hadi joto la kawaida. Hapo ndipo analala! Sehemu kubwa ya saa hizo za joto huipitisha katika usingizi mzito, kama mnyama aliyekosa kulala kwa muda mrefu. Kisha huzizima tena. Kuamka huko hula sehemu kubwa ya akiba yote ya mafuta aliyokusanya.

Dubu mweusi hutumia njia nyingine. Joto lake hushuka kwa nyuzi chache tu, lakini matumizi ya nishati hupungua hadi robo, na mapigo ya moyo hutoka 55 hivi kwa dakika hadi karibu 14. Kwa miezi 5 hadi 7 hali, hanywi wala haendi haja. Hata hivyo jike huzaa Januari au Februari na kunyonyesha humo humo pangoni, na akisumbuliwa anaweza kuinuka. Anayewaambia watoto kwamba dubu amelala fofofo anawafundisha jambo la uongo, tena la hatari.

Madhara ya kuamshwa yanaonekana kwa popo. Mwaka 2006 kuvu mweupe wa puani alionekana kwenye pango la New York. Kuvu huyo huwafanya popo waliozizima waamke mara nyingi kuliko kawaida. Mafuta huwaishia kabla wadudu hawajarudi, nao hufa njaa. Mamilioni wamekufa. Kama ungekuwa usingizi tu, kuamshwa kungewachosha, basi.

Imani hiyohiyo ya kwamba baridi ikiingia wanyama hulala iliwapotosha wataalamu kwa karne nyingi. Mwaka 1555 Olaus Magnus wa Sweden aliandika kwamba mbayuwayu hukaa chini ya maji ya maziwa wakati wa baridi. Kumbe huhama: mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Mtoto wa Nakuru au Dodoma anayewaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme mwezi Novemba anayo sehemu ya jibu mbele ya macho yake.

Katika kufundisha, swali liwe: atakula nini? Majibu ni matatu. Wapo wanaohama, kama mbayuwayu na korongo weupe. Wapo wanaozizima: kindi wa ardhini, popo, na chura wa misitu ya Alaska, ambaye theluthi mbili hivi za maji ya mwili wake hugeuka barafu, moyo ukasimama, kisha akayeyuka na kuruka. Wapo wanaokaa macho: biva hula matawi aliyoyarundika chini ya barafu, nyuki hujibana kumzunguka malkia wakitetemesha misuli na kula asali.

Kwa vitendo: mtoto apewe kunde 40. Kila wiki mbili za kuzizima zigharimu kunde 1, kila kuamka 3. Mnyama anayeamka kila baada ya wiki mbili atafika wiki ya 20. Anayeamshwa kila wiki, akiba itamwishia kabla ya wiki ya 12. Ili aone jinsi mafuta yanavyozuia baridi, mkono uliowekwa kati ya mifuko miwili yenye mafuta ya kupikia yaliyoganda utumbukizwe kwenye maji ya barafu, na mwingine uingie na mfuko mtupu. Mbegu zifichwe bustanini, kama akiba ya mnyama, na kutafutwa wiki inayofuata.

Na kalunguyeye akikutwa amejikunja chini ya majani makavu, aachwe na afunikwe tena. Asipelekwe sebuleni apate joto, asipewe maziwa, maana humharisha. Akionekana anatangatanga mchana wakati wa baridi, huyo ana shida: wapigiwe simu watu wanaohudumia wanyamapori.