Matundu ya Usoni Hayafungwi kwa Barafu

Katika saluni nyingi za mijini, kusafisha uso huanza na mvuke na kumalizika kwa kitambaa cha maji baridi. Mteja huambiwa kuwa mvuke hufungua vinyweleo, yaani matundu ya ngozi, ili taka zitoke, kisha baridi huvifunga. Nyumbani nako watu hujifukiza: beseni la maji ya moto, khanga kichwani, halafu kipande cha barafu. Uso hung'aa, matundu ya puani yakaonekana kama yamepungua. Baada ya muda mfupi yako palepale.

Hapo hakuna muujiza ulioshindikana. Kinyweleo hakina msuli wa kukifungua wala kukifunga. Ni mdomo tu wa kifuko cha unywele, ambamo tezi humimina mafuta. Mvuke huyalainisha mafuta hayo. Baridi huikaza ngozi kwa kitambo, basi.

Ukubwa wa matundu hutokana kwanza na urithi. Kisha huja homoni, ambazo tangu balehe huzichochea tezi, na ndiyo maana mwenye ngozi ya mafuta huyaona zaidi puani na mashavuni. Umri na jua hukamilisha kazi: kolajeni inayoishikilia ngozi inapopungua, kingo za tundu hulegea na tundu huonekana pana.

Ukiminya pua mbele ya kioo hutoka vijiuzi vyeupe au vya manjano. Wengi hudhani ni uchafu au chunusi. Kumbe ni mafuta yaliyochanganyika na seli zilizokufa, tena ni hali ya kawaida kabisa. Ukivitoa leo, baada ya wiki chache vimejaa tena, na alama za kucha huenda zikabaki muda mrefu kuliko vyenyewe.

Je, kipo kinachosaidia? Kipo, ila kinataka subira. Asidi ya salisiliki, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na nguvu ya asilimia 0.5 hadi 2, huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya ndani ya tundu na kulegeza kilichoziba. Dawa za jamii ya retinoidi huenda mbali zaidi. Tretinoini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1971 kwa ajili ya chunusi, huzuia seli zisigandamane na huichochea ngozi kutengeneza kolajeni. Hupakwa usiku, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima, na mwanzoni si kila siku. Matokeo huhesabiwa kwa miezi. Mjamzito asiitumie.

Haraka ina gharama yake, hasa kwa ngozi nyeusi, ambayo ikiwashwa au kuchubuliwa huacha mabaka. Limao na chumvi, dawa ipendwayo mitandaoni, ni njia fupi ya kuyapata mabaka hayo, na limao likikutana na jua huweza hata kuunguza.

Jua lenyewe hupuuzwa kwa madai kwamba mweusi hahitaji kinga. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, hukinga kiasi, lakini haizuii miale yote inayovunja kolajeni. Losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, isiyo nzito, inatosha kwa wengi. Wala si anasa ya Ulaya: mjini Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao hatari kubwa ni saratani ya ngozi.

Krimu inayoahidi uso laini ndani ya wiki moja itiliwe shaka. Huenda ikawa mkorogo, yaani mchanganyiko wa kung'arisha ngozi, ambao mara nyingi huwa na haidrokwinoni, steroidi au zebaki. Steroidi hulainisha uso upesi kweli, kisha huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta vipele. Zebaki hudhuru figo, na mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kuiondoa kabisa katika vipodozi ifikapo 2025.

Kama umekuwa ukipaka krimu isiyoonyesha viambato vyake, nenda nayo kwa daktari wa ngozi, kopo mkononi. Steroidi iliyotumika muda mrefu ikiachwa ghafla huweza kuulipua uso kwa wekundu na vipele, kwa hiyo namna ya kuiacha nayo ipangwe na daktari.