Uulize Udongo Kabla ya Kununua Matofali

Anayejenga nyumba yenye choo cha ndani Arua au Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, huanza kwa kuuliza bei ya tangi la septiki: mifuko mingapi ya saruji, matofali mangapi ya kuchoma, fundi anataka shilingi ngapi. Ni nadra kumsikia akiuliza maji yanayotoka kwenye tangi hilo yataishia wapi. Tangi hasa hutuliza uchafu, mzito uzame na mafuta yaelee. Jerikani moja ikiingia, jerikani moja hutoka upande wa pili, na maji hayo bado yana vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Anayeimaliza kazi ni udongo unaozunguka shimo la kufyonza, na udongo wa West Nile hubadilika hata ndani ya kiwanja kimoja.

Mgongoni mwa vilima kuna muramu mwekundu wenye vikokoto vya chuma, na chini yake mara nyingi mwamba wa kale uliopasukapasuka. Ukishuka mabondeni, kuelekea mto Enyau na vijito vyake, unakuta mfinyanzi ambao wafyatua matofali wanaupenda. Mfinyanzi huo unaotoa tofali zuri ndio unaokataa maji.

Kuna jaribio la zamani la kupima jinsi udongo unavyofyonza maji. Lilianzishwa na mhandisi Henry Ryon wa jimbo la New York katika miaka ya 1920, na vifaa vyake ni jembe, rula, saa na jerikani kadhaa za maji. Chimba hadi kina ambako maji yatafyonzwa. Ukipima udongo wa juu wa shambani umepima kitu kingine. Asishuke mtu shimoni bila mwenzake juu, na udongo uliochimbwa uwekwe mbali na ukingo. Sakafuni mwa shimo hilo chimba kishimo chenye upana wa futi moja na kina cha futi moja na nusu. Sasa tazama kuta zake. Penye mfinyanzi, jembe limezilainisha zikang'aa, na vitundu vya udongo vimezibwa. Zikwangue kwa msumari mpaka zikwaruze kidole, toa vumbi, kisha tandaza kokoto za inchi mbili chini.

Jaza maji yafike futi moja juu ya kokoto, na uendelee kuongeza kwa saa 4 au zaidi, ikiwezekana uyaache yalale humo hadi kesho. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu ya shida ya kubeba maji, na hapo jaribio lote linaharibika. Udongo mkavu una nyufa na kiu, kwa hiyo saa ya kwanza hunywa kwa pupa. Ukishalowa, mfinyanzi huvimba na nyufa hufunga. Choo kitatumika kila siku, basi kinachotakiwa ni mwendo wa udongo ulioshiba.

Kesho yake rudisha maji kwenye inchi 6 juu ya kokoto, pima yameshuka kiasi gani kila baada ya dakika 30, ukijaza tena, kwa saa 4. Hesabu hutumia kipimo cha mwisho. Yakiwa yameshuka inchi 2 kwa nusu saa, huo ni mwendo wa dakika 15 kwa inchi, na mita moja ya mraba ya udongo huo inaweza kupokea takriban lita 50 kwa siku. Familia ya watu 8, kila mmoja akitumia lita 50, inahitaji mita za mraba 8. Shimo la duara lenye upana wa mita 1.5 na mita 2 za ukuta chini ya bomba linatoa mita za mraba 9 na ushei. Ukipita dakika 30 kwa inchi, achana na shimo, tandaza mifereji mirefu yenye kina kifupi. Ukipita dakika 60, udongo umekataa. Na maji yakitoweka kwa chini ya dakika moja kwa inchi, usishangilie: yanakimbia bila kuchujwa.

Majira nayo yana neno. Kishimo kinachokunywa vizuri Januari kinaweza kujaa chenyewe Septemba, mvua zikiwa zimekolea. Kama huna budi kupima kiangazi, soma kuta za shimo: mabaka ya kijivu yaliyochanganyika na ya rangi ya kutu yanaonyesha maji husimama hapo kila masika. Sakafu ya shimo la kufyonza ibaki angalau mita 1.5 juu ya alama hiyo.

Hapa ndipo ninapobishana na mafundi wanaoamini kwamba shimo likizidi kwenda chini ndivyo linavyozidi kuwa zuri. Kuchimba hadi kufikia mwamba uliopasuka ni kuyafungulia maji machafu njia ya kuingia visimani. Umbali wa mita 30 kutoka kisimani ni wa chini kabisa, na penye nyufa hautoshi. Ukanda huu umekaa kwenye mgawanyo wa maji wa Nile na Kongo, mahali vijito vinapoanzia. Anayeishi juu kidogo ya chemchemi anawachotea walio chini.

Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kinaweza kuwa na muramu upande wa barabara na mfinyanzi upande wa kijito, kwa hiyo pima pande zote mbili kabla ya kuchorwa msingi wa nyumba. Pote pakikataa, jenga tangi lisilovuja la kunyonywa na gari, na uiweke gharama ya gari hilo kwenye bajeti tangu mwanzo, au ubaki na choo cha shimo kilichoinuliwa juu ya ardhi na kujengewa kuta vizuri.