Diwani na Kata Yake (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulipitia sifa za kisheria za mgombea udiwani: uraia, umri wa miaka 21, kujua kusoma na kuandika, kudhaminiwa na chama cha siasa, na kuwa mkazi wa eneo la halmashauri inayohusika. Sharti hilo la mwisho ni jepesi kuliko wengi wanavyodhani, kwani linatazama halmashauri nzima. Anayekaa Kivukoni anaweza kuomba kura Chanika. Nashikilia kwamba hapo sheria ilipoishia ndipo mpiga kura aanzie, na kwamba miaka ambayo mgombea ameishi katani ni nyenzo ya kazi yenyewe.

Tuchukue mikopo ya asilimia 10. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge sehemu hiyo ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgao wa 4, 4 na 2. Mwaka 2023 Serikali iliisitisha kwa muda, baada ya kubainika madeni yasiyolipika na vikundi hewa. Kikundi hewa hakikosi kitu kwenye karatasi: kina katiba, muhtasari wa kikao, picha za wanachama na muhuri wa serikali ya mtaa. Ofisa aliyehamia juzi atakitilia shaka kwa lipi? Mkazi wa miaka 20 anajua kwamba mweka hazina aliyetajwa alishahama zamani, na kwamba mabanda ya kuku yanayodaiwa kujengwa hayajaonwa na yeyote. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata; ujuzi huo anaingia nao kikaoni. Na mitaro ni vivyo hivyo: mchoro wa mhandisi unaonyesha njia ya maji, hauonyeshi ukuta ambao mtu ameujenga juu yake.

Hoja nzito zaidi ya kunipinga inatoka Dar es Salaam. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja ikauendesha mji hadi 2000. Wateule hao walipandisha makusanyo na kuondoa taka zilizowashinda madiwani wakazi. Sikatai. Lakini miji yetu ilikwisha kuendeshwa bila madiwani kabla ya hapo: mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri zilifutwa, kazi zikakabidhiwa maofisa wa mikoa, na huduma zikazorota hata ikabidi mwaka 1978 itungwe sheria ya kuzirudisha za mijini. Wateule walishindwa mara moja, wakafaulu mara moja. Basi kuteuliwa si dawa. Uzoaji wa taka na ukusanyaji wa ushuru ni kazi ya mkurugenzi na wakuu wa idara zake. Diwani kazi yake ni kuwasimamia, na asiyeijua kata atawasimamia kwa kutegemea taarifa wanazomwandikia wao wenyewe.

Wengine watasema mwenyeji amefungwa na undugu, kwamba mwenye ule ukuta huenda ni shemeji yake. Yawezekana kabisa. Ila shemeji huyo anajulikana mtaa mzima, na swali linaweza kuulizwa hadharani kwenye kampeni. Maslahi ya mgeni hayana wa kuyaulizia. Wala ukazi ninaoutetea hauhusiani na asili. Aliyetoka Kigoma akaishi Tandika miaka 25 ni mkazi kamili, na anayedai kata ni ya kabila lake hana hoja.

Kinachosikitisha ni kwamba mkazi mwenye sifa zote hizi hawezi kusimama peke yake. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka haki, lakini sharti la chama bado lipo. Jinsi kura za maoni ndani ya vyama zinavyowachuja wakazi wa aina hii ndiyo mada ya juma lijalo.