Dawa za mshuko wa moyo: mwanamke na mwanaume hawazipokei sawasawa

Mwanamke na mwanaume wanaopewa na muganga kidonge kimoja cha mshuko wa moyo, kwa kipimo kilekile, si lazima wapate matokeo yaleyale. Sehemu ya sababu inatafutwa katika shina la ubongo, mahali zilipo seli zinazotengeneza serotonini, kemikali inayosaidia kuongoza hali ya moyo, usingizi na hamu ya kula.

Dawa nyingi za leo, kama vile fluoxetine na sertraline, zinazuia serotonini isirudishwe haraka ndani ya seli iliyoitoa. Lakini seli hizo zina breki: zikihisi serotonini imezidi, zinapunguza kazi. Breki inalegea polepole, na hiyo ni moja ya sababu zinazotolewa kueleza kwa nini mgonjwa anangoja wiki kadhaa kabla ya kupata nafuu. Homoni ya kike, estrojeni, inaingia hapo hapo. Kima majike walioondolewa ovari kisha wakapewa estrojeni walionyesha dalili za kutengeneza serotonini zaidi, na breki ikapungua nguvu.

Mwaka wa 1997, watafiti wa Montreal, Kanada, walipima kwa skana ubongo wa wanaume 8 na wanawake 7 wenye afya. Kwa wanaume, serotonini ilitengenezwa kwa kasi iliyozidi ya wanawake kwa asilimia 52. Watu 15 ni wachache mno, basi hesabu hiyo isichukuliwe kama sheria.

Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2000 ulikuwa mpana zaidi: wanawake 400 na wanaume 235 wenye mshuko wa moyo wa muda mrefu walipewa, kwa wiki 12, sertraline ama imipramine, dawa ya zamani. Wanawake walipata nafuu zaidi kwa sertraline, wanaume kwa imipramine. Kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, dawa hizo mbili zilikaribiana. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote.

Ajabu ni kwamba swali hili lilichelewa kuulizwa. Mwaka wa 1977, mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri wanawake wanaoweza kuzaa waachwe nje ya majaribio ya kwanza ya dawa. Shauri hilo liliondolewa mwaka wa 1993 tu. Hata panya wa maabara walikuwa wengi madume. Ni tangu mwaka wa 2016 ndipo taasisi za afya za serikali ya Marekani zinadai watafiti wanaoomba pesa zake waeleze jinsi watakavyozingatia jike na dume.