Rangi ya Shaba katika Ushanga wa Pemba

Kiswahili huzipa rangi nyingi majina ya vitu: kijivu ni rangi ya jivu, kahawia ni ya kahawa, manjano ni ya mzizi wa jina hilo. Mtu asemapo "rangi ya shaba" husadiki kwamba shaba ina rangi moja. Ushanga wa kioo unaofukuliwa katika magofu ya Pemba, kama Ras Mkumbuu na Mtambwe Mkuu (palipopatikana mwaka 1984 akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000), wakanusha dhana hiyo. Miongoni mwa shanga zilizoletwa na kaskazi kutoka Bara Hindi, nyekundu zimetiwa shaba, na za rangi ya feruzi zimetiwa shaba ile ile. Feruzi lenyewe, waama, ni jiwe linalopata rangi yake kwa shaba.

Tofauti yatoka tanurini. Hewa ikiwa tele, shaba huyeyuka katika kioo, kila atomu ikapoteza elektroni mbili; hapo hufyonza mwanga mwekundu, ukabaki wa buluu na kijani. Moto ukinyimwa hewa, shaba hurudi kuwa metali, ikajikusanya chembe chembe, nyingine zikiwa na upana wa makumi machache tu ya nanomita, nayo nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Ndani ya chembe hiyo elektroni ni huru. Wimbi la mwanga huzisukuma huku na huku, mfano wa maji yaliyoingia ngalawani, ambayo hupanda juu zaidi mrama ukilingana na mwendo wao wenyewe. Kwa shaba, ulinganifu huo hutokea karibu na nanomita 570, penye mwanga wa manjano. Kwa dhahabu, karibu na 520, penye kijani. Mwanga huo hufyonzwa ukawa joto, na mwekundu hupita. Chembe zikikua, kutawanya huongezeka, kioo kikaacha kupenyeka. Ndiyo sababu ushanga huo ni mzito wa rangi kama tofali, wala haung'ai kama yakuti.

"Kuakisi" si neno lifaalo hapa. Kioo cha kujitazamia huakisi kwa pembe moja. Chembe hutawanya pande zote.

Michael Faraday alilieleza jambo hili mwaka 1857 kwa dhahabu iliyosagika mno majini, na Gustav Mie akalitolea hesabu mwaka 1908. Dhahabu ya Faraday ingali chupani mwake London, nayo ni nyekundu.