Si Kila Mkusanyiko ni Seti

Shuleni tulifundishwa kwamba seti ni mkusanyiko wowote wa vitu. Maelezo hayo yanamtosha mwanafunzi, lakini ndani yake mna kasoro iliyotikisa hisabati nzima.

Mwaka 1901 Mwingereza Bertrand Russell alijiuliza swali hili. Seti ya vijiko yenyewe si kijiko, kwa hiyo si memba wake yenyewe. Tukusanye sasa seti zote zisizo memba wa zenyewe, na mkusanyiko huo tuuite R. Je, R ni memba wa R? Ukisema ndiyo, R imekiuka sharti la kuingia, basi haimo. Ukisema hapana, imetimiza sharti, basi imo. Juni 1902 Russell alimwandikia Gottlob Frege wa Ujerumani, ambaye juzuu la pili la kitabu chake kuhusu misingi ya hesabu lilikuwa tayari mtamboni. Frege aliona mara moja kwamba msingi wake umepasuka, akaongeza maelezo mwishoni mwa kitabu kuikiri hitilafu hiyo.

Dawa ilitoka kwa Mjerumani mwingine, Ernst Zermelo, mwaka 1908. Hakutafuta maana bora ya seti. Aliorodhesha aksiomu, yaani kauli zinazokubaliwa bila uthibitisho ili zithibitishe nyingine. Kwa sehemu kubwa, kauli hizo hueleza ni seti zipi tuna haki ya kuzijenga.

Ya kwanza yasema seti hutambuliwa kwa memba wake tu. Herufi za "kata", "taka" na "kataa" ni seti moja: k, a, t. Mpangilio na marudio havihesabiki. Nyingine zinatupa seti tupu, jozi ya vitu viwili, muungano wa seti, na seti ya seti ndogo zote. Seti ya memba 3, kwa mfano, ina seti ndogo 8.

Kiini cha dawa ni aksiomu ya utenganisho. Huruhusiwi kuokota kila chenye sifa fulani popote kilipo. Unatenga kutoka katika seti uliyo nayo tayari. Ni kama kuchambua mchele: sharti kwanza uwe kwenye ungo. Turudie sasa hoja ya Russell. Chukua seti yoyote A, utenge memba wake wasio memba wa wenyewe, uwaite R. Hoja ileile sasa inathibitisha jambo moja tu: R haimo ndani ya A. Kwa hiyo hakuna seti yenye kila kitu. Mkanganyiko umegeuka kuwa ukweli uliothibitishwa, na sijui ushindi wa mantiki unaopendeza kuliko huu.

Kwa zana hizi chache namba zinajengwa bila malighafi yoyote. Sifuri ni seti tupu. Moja ni seti yenye sifuri. Mbili ni seti yenye sifuri na moja. Tatu ina sifuri, moja na mbili, na kuendelea. Aksiomu ya kutokuwa na mwisho ndiyo inayotuhakikishia seti inayozibeba zote kwa pamoja.

Anayeanza asikariri orodha. Kwa kila aksiomu aulize: inaniruhusu kujenga nini, na bila hiyo ningekwama wapi? Akijibu hayo, ameanza kufikiri kama mwanahisabati.